Hewa ya Mzee Shekue

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa utumbo mpana, Mzee Shekue alikuwa bado hajatoa hewa.

“Hewa ndiyo dalili kwamba utumbo umeamka, mzee,” nesi alimwambia. “Isipotoka leo, unarudi kwenye kisu.”

Mzee alimtupia jicho Mwajabu, mke wa mwanawe, aliyeketi kando. Tangu asubuhi alikuwa ameibana. Ajambe mbele ya mkwe? Heri kisu.

Mwajabu akaelewa. Akageuza kiti, akampa mgongo. “Baba, mimi leo kiziwi.”

Mzee akalegea. Utumbo, pamoja na mishono yake mibichi, ukajikunja, ukasukuma, ukaifanya kazi yake ya miaka sabini bila kuagizwa na mtu. Sauti ikatoka ndefu. Wodi nzima ikapiga makofi.

Mwajabu hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.