Sehemu Iliyokataa Rangi

Kwa miaka tisa Nelvine alikuwa daktari wa upasuaji, na wagonjwa wa saratani ya koo walimfikia wakati hata uji haupiti tena. Ndiyo maana alirudi darasani kujifunza utafiti.

Asubuhi hiyo, katika zahanati moja ya Merigi, alikuwa akimpima mama mmoja mchuma chai kwa kamera nyembamba iliyoingizwa kooni. Mama alikuwa mzima, anakula ugali wake vizuri. Alikuja tu kwa sababu watafiti waliomba watu wajitokeze. Alikuwa wa mia mbili na tatu kupimwa.

Nelvine alinyunyiza dawa ya rangi, ambayo hushika penye afya tu. Koo lote likageuka kahawia kama chai isiyo na maziwa, isipokuwa sehemu moja, ndogo kama punje ya mahindi, iliyokataa rangi.

Nelvine alitabasamu, akaita, "Prof, kuja uone!"

Mwalimu wake aliinama kwenye skrini. "Hiyo inakaa saratani ikianza," akanong'ona. "Hata kisu haitahitaji. Tutaitoa na kamera hii hii."

Kamera ilipotoka, mama alipangusa mate, akamkazia Nelvine macho. "Daktari, mbona unacheka? Umeona nini?"

Nelvine alivuta kiti karibu, akamshika mkono.

"Mama," akasema, "tumeiwahi."