Goti la Fundi

Katika tawi lao la chama, kura hupigwa kwa kusimama. Anayekubali husimama, anayekataa hubaki kitini.

Siku hiyo hoja ilikuwa kumfukuza mkunga, aliyesema hadharani kwamba sheria imwachie mwanamke mwenyewe uamuzi wa kutoa mimba. Nusu ya ukumbi ilikuwa imeshasimama. Macho yote yakamgeukia fundi seremala. Msimamo wake ulijulikana: kwake mimba ni mtu, na hakuwahi kumung'unya maneno.

Tatizo lilikuwa goti. Tangu liharibike, fundi hakuweza kuinuka bila kushikwa, na miaka yote aliyemshika ni mkunga, kwa kuwa walikaa viti vilivyopakana.

Mkunga alimwona akihangaika na ukingo wa meza. Akamnyooshea mkono uleule uliopokea watoto wote wa fundi walipozaliwa, wenye kucha fupi na harufu ya sabuni ya hospitali.

"Njoo, kaka, nikuinue," alisema taratibu. "Usije ukaanguka bure."

Fundi aliushika. Ulikuwa na joto, na ulikuwa tayari kubeba uzito wake wote.

"Dada, kwa jambo hili mimi na wewe hatutapatana mpaka tuzikwe."

"Najua. Haya, inuka."

"Fundi, tunakusubiri wewe tu," katibu alisema.

Fundi aliuweka ule mkono juu ya goti lake bovu, akaufunika kwa wa kwake.

"Hesabuni," alisema. "Mimi nimekaa."