Bingwa wa Fainali ya Mvua

Siku hizi kampuni ikidhamini mashindano ya tenisi ya ukumbini hapa Morogoro, hununua na historia yake yote. Mabingwa wa zamani hubadilishwa, na kila mwenye kidude cha kumbukumbu nyuma ya sikio huamka akiamini majina mapya. Mimi kidude nilikikataa. Wezi wakubwa hao, nawaambia hivyo mpaka leo! Mume wangu Mwinshehe aliwekewa kwa lazima, kama wachezaji wote.

Jana walitangaza mdhamini mpya. Asubuhi hii, nikimkanda goti lake bovu kwa maji ya moto, nikamuuliza, "Baba Hidaya, ile fainali uliyoshinda, ya mvua, unaikumbuka?"

"Fainali gani? Mimi sikuwahi kufika fainali, mke wangu."

Nikamsimulia yote: bati lilivyonguruma hata mwamuzi asisikike, bingwa alivyocheza akichechemea, alivyokuja kunikumbatia na jasho lake mbele ya baba yangu.

Akanuna. Kisha akanishika mkono.

"Niambie kweli, Mama Hidaya. Huyo bwana ulimpenda kuliko mimi?"