Nusu ya Kichwa

"Leo nisuke ndogo ndogo kabisa," Mwajabu alisema, akikaa chini katikati ya magoti ya Chausiku. "Zikae hata miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Kwani unaolewa?"

"We nisuke bwana."

Chuo kilikuwa kimewakataa wote wawili. Walilia pamoja, wakaapa wataomba tena mwakani, pamoja.

Nusu ya kichwa ilipokwisha, Mwajabu akasema bila kugeuka, "Shoga, wale wa chuo wameniita. Kuna mtu kajitoa."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Naondoka kesho."

Mikono ya Chausiku ikasimama. Jana tu walikaa hapahapa wakiwasema hao watu wa chuo, na Mwajabu ndiye aliyecheka zaidi.

"Jana mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, leo ungenisuka?"

Upande mmoja misuko ilikuwa imelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama wima. Mwajabu akainamisha kichwa, akasubiri. Vidoleni mwa Chausiku mlikuwa na mafungu matatu ya nywele, bado hajayasuka, wala hajayaachia.