Mama Hajasimama Bado

"Nishike shingoni," binti alisema, na mama yake akamshika. Akamgeuza ubavu, akavuta shuka lililolowa, akatandika jingine. Mama alikuwa mzito kama gunia la mchanga, wala hakumsaidia hata kidogo. Kazi ilipokwisha, binti alisimama mlangoni na shuka mkononi, asikumbuke alikuwa anakwenda wapi.

Siku hizi alisahau sana. Alikula bila kusikia ladha. Akiulizwa hali alisema nzuri, kama mtu anayesomea wenzake tangazo. Mwili mzima ulikuwa kama mkono uliolaliwa, ila ganzi ya mkono huisha.

Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na huyu binti wa pili ndiye aliyekuja kumuuguza. Alikuja na begi moja, kwa wiki mbili. Sasa mwaka ulikuwa unaelekea kwisha. Siku zile za mwanzo hakutoka hata kwenda dukani, na majirani wakasema hawajaona mtoto anayempenda mama yake namna ile.

Mume wa binti alipiga simu kila Jumapili. Mtaani kwao walimwita Mpole, maana hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Aliuliza jambo lile lile: mama amesimama? Akijibiwa kwamba bado, husema haidhuru, atasubiri. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake.

Muuguzi aliyekuja kumwangalia mgonjwa ndiye ambaye hakuelewa. Alibonyeza nyonga, akakunja goti, akasema mfupa umeunga zamani na bibi angekuwa anatembea. Mama alinung'unika kwamba mguu hauna nguvu, akageukia ukutani. Muuguzi akamvuta pembeni dada mkubwa wa binti, aliyekuja kuwatazama siku hiyo. Alimwambia, mgonjwa sasa ni huyu mdogo wako. Anahitaji usingizi, anahitaji mtu wa kumpokea mzigo, na zaidi ya yote anahitaji kurudi kwake.

Dada mkubwa alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kukanyaga breki kwa niaba ya wengine. Jumamosi iliyofuata alifika asubuhi, akamkuta mdogo wake jikoni.

"Mama anadeka," alimwambia kwa sauti ya chini. "Anadeka kwa sababu wewe upo. Namhamishia kwangu, nimeshapata msaidizi. Wewe rudi kwako ukapumzike."

"Lini?"

"Leo. Nimeongea na shemeji, yuko njiani."

Binti aliendelea kusuuza kikombe. Dada alingoja ashukuru, au alie, au hata abishe. Kikombe kilikuwa safi tangu mwanzo, naye akazidi kukisuuza. Mwishowe dada akafunga bomba mwenyewe, akamkumbatia, akasema ona ulivyochoka.

Akaingia chumbani, akampa Mama habari hiyo huku akizipanga nguo za mdogo wake begini. Alitazamia vilio. Mama aliuliza tu shemeji atafika saa ngapi, kisha akafumba macho. Dada akamwambia binti atoke akapigwe na upepo, mgonjwa amelala, na yeye akaenda stendi kumpokea shemeji.

Binti hakufika mbali. Alikaa kwenye benchi nje ya karakana ya seremala, akatazama msasa ukienda na kurudi juu ya mlango mpya. Seremala alimuuliza kama kuna kitu anangoja. Akasema hapana. Akamuuliza kama anaumwa. Hilo alilifikiria kidogo, akasema hajui. Alijaribu kuiwaza nyumba yake, kitanda chake, mapazia aliyoyashona mwenyewe. Hakuna kilichokuja. Akakumbuka kuwa shuka lilikuwa bado kwenye beseni, halijaanikwa, akainuka akarudi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo.

Kitanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba, bila mkongojo, bila kushika ukuta. Alitoa gauni begini, akatembea nalo hadi kabatini, akalitundika. Akarudi, akachukua jingine. Hakuchechemea. Alitembea kama mtu aliyekuwa akifanya mazoezi kila alipoachwa peke yake.

Binti alisimama pale pale. Aliyawaza mashuka yote aliyoyafua, na mgongo wake, na uzito ule wa kila asubuhi. Alitaka kukasirika. Hata hasira hakuipata.

Mara geti likalia. Dada alisikika akicheka, na sauti nyingine, ya chini, ya taratibu, ikauliza viatu avulie wapi.

Binti akaingia chumbani, akaurudisha mlango nyuma yake.

Mama aligeuka, akamwona. Hakushtuka. Alifunga kabati, akalisukumia begi tupu chini ya kitanda, akapanda, akajilaza, akavuta shuka hadi kidevuni. Alipolegeza uso, alikuwa mgonjwa tena.

"Mwambie bado," alisema. "Na usimfuate sebuleni. Mlete humu humu, mzungumze mbele yangu. Safari hii akikuinulia mkono, nitasimama."