Mahari ya Mshambuliaji

Kwenye orodha ya mahari, baada ya mbuzi wawili na kabla ya blanketi, paliandikwa viatu vya kuchezea mpira. Rangi ya kijani, namba arobaini na tatu.

Kocha Zéphirin aliisoma mara mbili. "Pitchou, mukwe yako anataka viatu ya mpira ya nini? Ya kuchungia mbuzi?"

"Sijui, Kocha. Baba mukwe habamuulizake maswali. Hata kumuangalia mu macho haiko vizuri. Unapiga magoti, unapiga makofi, njo vile."

Zéphirin akacheka mpaka machozi. Kwao Lubumbashi, alisema, mtu na mkwewe wanakunywa pombe meza moja.

Lakini alikubali kulipa. Pitchou alikuwa anavusha samaki ziwani kutoka kisiwa cha Kilwa, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unazungumzwa ziwa zima. Koleji moja ya Chienge ilishamwahidi pikipiki. Zéphirin akamwahidi mke. Wiki hiyohiyo Pitchou akawa mwanafunzi wa Koleji ya Nchelenge: miaka kumi na tisa, hajaoa, anasomea useremala. Msumari hajaugusa mpaka leo.

Usajili wa Zéphirin ulikuwa wa kisomi kabisa. Beki wake Michée, mwaka wa kwanza, alikuwa na mjukuu. Kiungo wake Dédé alishasoma mwaka wa kwanza katika koleji tatu, mtu anapenda elimu hivyo! Wale waliokuja Nchelenge kusomea useremala kwelikweli walikata nyasi za uwanja na kushangilia.

Mwaka huo hapakuwa na mzaha. Ba Nkandu, mkuu wa chuo, alishasema wazi: kombe la ligi, au Zéphirin arudishe funguo za nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati, vyumba vitatu, bomba la maji mlangoni. Mkewe Marthe alilala miaka mitano chini ya turubai kule kambi ya wakimbizi kabla ya kuipata, na mapazia aliyashona kwa mkono.

"Miye kambini sirudi," alimwambia mumewe. "Ukirudi, utarudi na mpira yako."

Zéphirin alicheka. Usiku hapati usingizi, mchana anajifanya simba.

Basi mbuzi wakapatikana. Viatu vikapatikana sokoni Kashikishi, vipya, vya kijani kama mchicha. Blanketi akalikata kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. "Joto hili, blanketi ya nini?" Eddy, mshenga, akapeleka mali hadi Puta, akarudi na jibu kwamba mzee amekubali, binti Cadette ni wa Pitchou.

"Viatu alivifurahia kupita mbuzi," Eddy alisema. "Ila anauliza blanketi."

"Mwambie inakuja." Kuahidi kulikuwa hakumsumbui Zéphirin hata kidogo.

Pitchou akafunga mabao kumi na moja katika mechi sita. Ikabaki mechi ya mwisho ya ligi, nyumbani, dhidi ya Koleji ya Kilimo ya Mutende, vijana wa Chienge, upande wa Puta. Sare iliwatosha Mutende. Nchelenge lazima ishinde.

Kabla ya mechi makocha wakabadilishana majina ya wachezaji. Mutende walikuwa na kipa mpya, kasajiliwa wiki hiyo, mwaka wa kwanza, miaka ishirini. Zéphirin akamtazama kwa mbali. Kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na chini yake ndevu nyeupe pe.

"Ule njo mwanafunzi? Ule alimaliza shule wakati ya bazungu!"

"Tulalamike?" Eddy aliuliza.

Zéphirin akamwangalia Michée, aliyekuwa anambembeleza mjukuu wake kwenye benchi. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo huyu mmoja aligeuka akachungulia.

"Tunyamaze," alisema.

Mpira ukaanza, na Pitchou akawa mtu mwingine. Hakuvuka nusu ya uwanja. Alitembea kichwa chini kama mtu aliyeangusha sindano, na kila alipopewa mpira aliurudisha nyuma.

"Goli iko kule!" Zéphirin alipiga kelele. "Kule, weye! Kule!"

Pitchou akaitikia kwa heshima, akarudisha tena nyuma. Zéphirin akaelewa yote: wale wa Chienge wamemnunua na pikipiki yao. Akawalaani wao, pikipiki na petroli yake.

Dakika ya mwisho, sifuri kwa sifuri, Dédé akaangushwa mbele ya goli. Penalti! Ba Nkandu akasimama kwenye kiti chake. Marthe akafunika uso kwa kitenge.

"Dédé apige," Pitchou alisema upesi.

"Utapiga weye!"

"Kocha, naomba, ule njo wa miye..."

"Utapiga weye! Ao nitaenda Puta leo, nitarudisha ile mahari yote, mbuzi kwa mbuzi!"

Pitchou akavuta soksi. Akaenda, akaweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu. Hata wachuuzi wa karanga wakasogea kutazama.

Halafu akapiga magoti. Macho kwenye nyasi, akapiga makofi polepole, mara tatu.

Zéphirin akaingia uwanjani mbio, akiunguruma, na refa nyuma yake. Alipofika, kipa alishaokota mpira na kuubana kwapani. Akawa anamsogelea Pitchou taratibu, mguu kwa mguu, katika viatu vipya vya kijani.

"Simama, mutoto yangu," alisema. "Viatu vinanienea muzuri sana. Sasa blanketi iko wapi?"