Ubeti wa Pili

Kifuniko cha sufuria kilianza kugonga kabla hakujapambazuka, tik, tik, tik. Mama alikiwahi akakiondoa, mayai yaendelee kuchemka kimyakimya. Alikuwa amechelewa. Mumewe alishaamka.

"Unakwenda tena kwa yule?"

"Nakwenda."

"Nyumba hii haina mtoto tena. Nenda, ila usije kunisimulia."

Akageukia ukutani. Hata hivyo, mama alipofika mlangoni alikuta viatu vyake vimefutwa vumbi na kupakwa rangi, vimewekwa sawasawa, tayari kuvaliwa.

Gereza lile lilikuwa na kawaida yake. Siku ya wageni wafungwa hujipanga uani wakawaimbia akina mama waliokuja, kila mmoja na wimbo wake wa kumsifu mama. Kijana alisimama mwisho wa mstari, jicho moja limevimba likafumba. Alipoanza kuimba, mama akajishika kifua.

*Mgongo wa mama, kitanda changu cha kwanza,*
*jasho la mama, mvua yangu ya kwanza.*

Mama aliutunga wimbo huo mwenyewe, zamani, akipiga pasi nguo za watu. Hakumfundisha mtu yeyote ila mwanawe, tangu akiwa wa kubebwa.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukafika katikati, ukakatika ghafla, vilevile kama ziara iliyopita. Tangu siku ile mama hakupata usingizi. Leo alikuja kwa jambo moja tu, kujua kwa nini kijana anaishia pale.

"Wimbo nusu!" likacheka jitu moja lenye shingo nene. "Mama'ke alimwachisha ziwa, akamwachisha na wimbo!"

Ua mzima ukaangua kicheko.

Kijana alimtwanga kichwa cha pua, damu ikaruka. Jitu likaanguka chali, naye akalikalia kifuani, akaliporomoshea ngumi mpaka jino likadondoka vumbini. Askari wakaja mbio. Virungu vikamshukia mgongoni, kiunoni, kichwani, na bado alikuwa akipiga.

"Huyu leo tunamzika!" askari mmoja akafoka.

Mama hakujua miguu ilimfikishaje pale. Alimwangukia kijana akamfunika kwa mwili wake wote. Kirungu kilichokuwa njiani kikamtua begani.

"Msimuue! Jamani, sijazungumza naye!"

Askari mzee akawasukuma wenzake. Akamwinua mama polepole, akamletea kigoda na kikombe cha maji.

"Zungumza naye, mama. Lakini uharakishe. Kesho tunamfungia peke yake, na akirudia haya, hutamwona tena."

Kijana alikaa chini, mdomo umepasuka. Mama akalowesha ncha ya kitambaa chake, akamfuta damu kidevuni, kisha puani. Bega lilimuuma hata kupumua kukawa kazi. Akammenyea yai, akamtilia kiganjani.

"Kula kwanza."

"Meno yanauma, mama."

"Basi tafuna upande mmoja."

Kijana akatafuna. Mama akamngoja ameze, kisha akamshika shavu.

"Niambie, kwa nini unaishia pale?"

Kijana akainamisha kichwa. "Ndipo ninapojua."

"Na kilichobaki?"

"Sijapata kukisikia." Akatema damu kando, akajifuta kwa mkono. "Mwanao aliimba mpaka pale, nami nikampiga nondo ya mwisho."

Mkono wa mama ulikuwa bado shavuni mwake. Haukuondoka. Askari mzee akaja, akasema muda umekwisha, akamshika kijana kwapani kumwinua.

"Njoo tena, mama," kijana akasema. "Unimalizie."